Yai Amepumzika

9 Februari 1987

Mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kuliko mashimo ya barabara yetu, na zikukute mzima, nyusi zako zikiwa bado hazijaungua. Sisi huku hatujambo. Mama hajambo, goti linamsumbua lakini ulimi haumsumbui hata kidogo, na anauliza kama unakula au unajidanganya kwa chai. Shemeji yako hajambo, bado yuko kwenye tanuri la mikate, anarudi mweupe kwa unga kuanzia kichwani mpaka viatuni, na maneno yake bado ni yale yale matatu kwa siku.

Mimi na shule yangu ya udereva tunaendelea. Nimepata mwanafunzi mpya, hakimu mstaafu. Mungu wangu! Mtu huyu anafunga breki kwa kila dimbwi. Gari likitokea mbele yetu anasimama, analitazama, kama anangoja lijieleze kwanza. Nikimwambia, "Mheshimiwa, twende," ananijibu, "Tusihukumu haraka." Jana tumezuia basi zima na abiria wake, nikatukanwa mimi.

Mpwa wako Yai hajambo. Mkono umeunga, plasta imetolewa, na ameanza tena kubishana na kila mtu. Watoto wa jirani walimwambia kwamba jina la Yai ni la kumdhihaki kwa ajili ya mifupa yake inayovunjika upesi. Akawajibu kwamba yeye ni yai la mamba, wangoje tu lianguliwe. Miaka kumi, mdomo wa miaka hamsini. Nani kamfundisha kama si wewe?

Sasa neno lenyewe. Mji mzima una mafua. Usifikirie mafua ya kupenga kamasi na kuendelea na safari, haya yanalaza wanaume wenye vifua kama makabati. Nusu ya darasa la Yai haipo. Daktari wake wa mifupa alituita, akatukalisha, akasema kwa mtoto mwingine kikohozi ni kelele, kwa Yai kikohozi ni nyundo. Mbavu zake zikivunjika kwa kukohoa ataogopa kuvuta pumzi, na asipovuta pumzi sawasawa mapafu yatajaa. Dawa ya kuua virusi hivi hana. Dawa ni kutovipata. Kwa hiyo Yai haendi shule, haendi kwa jirani, na mimi nimekuwa askari wa mlangoni. Anayekohoa simfungulii, awe nani.

Nimalizie kwa swali ambalo umelikwepa barua mbili. Yule fundi saa wako, mwanamke mwenye mikono mizuri ile, mnaoana lini? Ulisema mvua zikiisha. Mvua zipi?

Mama anasema uvae kofia.

Dada yako


23 Februari 1987

Dada,

Nimeipata barua yako na nimeibusu kabla ya kuifungua, mlipokee busu hilo wote kwa zamu, kuanzia Mama. Mimi mzima. Nyusi ninazo, moja na nusu. Naam, ninakula.

Daraja linaendelea. Mimi niko juu, nalehemu vyuma, nawatazama wenzangu chini kama sisimizi wenye kofia. Bado kuna pengo katikati, kwa hiyo wanaovuka wanavuka kwa mashua, na mizigo inavuka kwa kapu. Mwambie Yai ni kapu la chuma linalotambaa kwenye waya juu ya mto, huku tunazungusha mpini, ng'ambo wanafungua. Unga, misumari, sabuni na barua zako zote zimepita humo. Dereva wa lori anazileta mpaka ukingo wa pili, anapiga honi, nasi tunalivuta kapu.

Na hapo ndipo kuna habari ya Yai, msomee polepole. Mpishi wetu ana meno ya bandia. Yalipasuka, akayafunga kwenye leso, akayapakia kwenye kapu yaende mjini kwa fundi. Wiki iliyopita yamerudi. Yamerudi meno, lakini si yake! Ya nani, hakuna ajuaye. Ni makubwa, yana pengo katikati, na mpishi hana budi kuyavaa kwa sababu hana mengine. Sasa akisema "supu" inatoka filimbi. Kambi nzima tunamuuliza, "Leo kuna nini?" naye anajua tunachotaka, anatujibu, "Mchuzi." Mbwa wa kambi alishazoea, akisikia filimbi anakuja mbio kwenye sufuria.

Hayo mafua yananitia wasiwasi. Endelea kuwa askari. Hata Mama mpekue.

Juu ya mambo mengine uliyouliza, hali ya hewa huku ni nzuri.

Kaka yako mwenye nyusi moja na nusu


8 Machi 1987

Mdogo wangu,

Salamu, na samahani kwa kuchelewa. Wote tunakusalimu. Mama alikuwa na mafua, sasa amepona. Shemeji yako yuko kazini.

Hakimu amefanya mtihani wa barabarani. Alikwenda vizuri mpaka kwenye mzunguko. Akaingia, akampa kila mtu nafasi yake, akazunguka, akazunguka tena, kwa sababu kila alipotaka kutoka aliona kuna mwenye haki kuliko yeye. Mtahini aliteremka akiwa na kizunguzungu cha kweli. Amefelishwa. Hakukata rufaa, amesema hukumu ilikuwa ya haki. Tumeanza upya na rivasi, kurudisha gari kinyumenyume, na huko nako anaomba radhi kwa vitu vilivyo nyuma yake, jana ameomba radhi kwa mlingoti wa taa. Nimemwonea huruma mzee wa watu. Nimeanza kumpenda kidogo, hata gari nalo limeanza kumzoea.

Gari lenyewe limebadilishwa klachi.

Yai ana mafua kidogo. Kidogo tu, usianze. Alipenda habari ya mpishi, lakini nakuomba kitu kimoja, usimwandikie vichekesho kwa sasa. Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua muda. Watu wengine wanasema "nimecheka mpaka mbavu zikavunjika" halafu wanakwenda kula. Kwetu hayo si maneno ya mzaha, unajua. Kwa hiyo andika mambo makavu. Andika habari za saruji.

Anakusalimu. Hakukuandikia mwenyewe kwa sababu kalamu imemchosha.

Dada yako


19 Machi 1987

Dada,

Salamu kwa Mama, kwa shemeji, kwa Yai. Mimi mzima.

Saruji ipo. Mpishi yupo. Meno yapo. Sisemi zaidi.

Sasa na mimi nina langu. Barua yako ina kurasa mbili. Hakimu na rivasi yake, klachi, mlingoti wa taa, vyote vimepata nafasi ya kutosha. Yai amepata mistari michache chini kabisa, na ndani yake kuna "kidogo" mara mbili. Mimi si mgeni wako. Ulipofiwa na paka ulinieleza habari za mapazia. Na lile la mwisho ndilo limeninyima usingizi. Yai kuchoshwa na kalamu? Yai, aliyewahi kuniandikia barua nzima kwa mkono wa kushoto wakati wa kulia umo kwenye plasta, ili kunijulisha tu kwamba nimekosea kuandika "dhahabu"?

Niambie ukweli. Anapumuaje? Nani yuko naye ukienda kazini? Na Mama alipona lini hayo mafua yake, na alikuwa analala chumba gani?

Nimeomba ruhusa nije. Msimamizi amenipa bila maneno, mtu mzuri yule. Aliyekataa ni mto. Mvua za juu zimeshuka zote kwa pamoja, maji ni ya rangi ya matofali na yanabeba miti mizima. Mashua zimefungwa. Kapu linapita, mtu hapiti, na msimamizi amesema atakayejaribu kukaa humo atamfukuza kazi kabla hajazama.

Kwa hiyo niandikie, Dada. Mstari mmoja unanitosha.

Kaka yako


30 Machi 1987

Mdogo wangu,

Naandika nimesimama, ukumbini hospitali, dereva wa lori ameshawasha gari na ananitazama vibaya. Umeniambia mstari mmoja unatosha.

Yai amepumzika. Leo mchana, nimemshika mkono. Kikohozi kimekwisha, na maumivu naona yamekwisha. Daktari ametupa mkono, mimi na shemeji yako, akasema tumefanya yote ya kufanywa. Mama analia tangu muda ule, hanyamazi, na shemeji yako amekaa chini sakafuni, ameegemea ukuta. Wakimtoa tutampeleka nyumbani moja kwa moja. Usihangaike kuja, mto huo naujua.

Nikilala nitakuandikia vizuri. Sina nguvu.

Dada yako


9 Aprili 1987

Dada yangu, Dada yangu,

Sijui niwasalimu vipi. Poleni. Pole wewe, pole shemeji, pole Mama. Mwenyezi Mungu awatie nguvu ambazo mimi huku sina.

Niliisoma barua yako nimesimama kwenye ukingo, kwa sababu siku zote nilikuwa nazisomea pale pale. Sikumbuki nilivyofika kambini. Wenzangu wameniambia baadaye kwamba niliendelea kuuliza, "Leo mchana ni mchana gani?" Siku ile hakuna aliyelehemu. Mpishi ameniletea uji mara nyingi, anakaa mbele yangu mpaka niumalize, na wala haongei, maskini, anaogopa ile filimbi isije ikatoka mbele ya msiba.

Nilikwenda kukaa ndani ya kapu. Nakuambia ukweli. Nilikaa humo nikawaambia wanivushe, na kama waya ukikatika basi. Msimamizi hakunifukuza. Aling'oa mpini, akauweka kitandani kwake, akalalia.

Alikuwa mtoto mtulivu, mpole, mwenye subira. Hakuwahi kumsumbua mtu. Je, aliniulizia? Usiponijibu hilo nitaelewa.

Sikuweza kuja kumzika mwanangu, kwa hiyo nimefanya kazi ninayoijua. Nimekata kibao cha chuma, nikakipiga msasa mpaka kikang'aa, na herufi nimezilehemu moja moja: HAPA AMELALA YAI. Mkono ulitetemeka kwenye Y, utaiona imepinda, nisamehe. Kinakuja pamoja na barua hii. Kiwekeni kichwani pake.

Na lile swali la ndoa uliloniuliza, nitakujibu sasa kwa sababu halina tena maana. Nimemwandikia fundi saa kwamba asinisubiri. Nilikuwa nakwepa kwa sababu naogopa. Hii mifupa ni ya ukoo wetu, ilikuwa ya Baba, ikashuka kwa Yai, na mimi najua imelala humu ndani yangu ikingoja mtoto. Niliogopa tangu zamani. Sasa nimeona mwisho wake. Siwezi, Dada. Sitazaa mtu ili nije kumpoteza kwa mafua.

Kaka yako


20 Aprili 1987

YUKO HAI.

Yuko hai, yuko hai, yuko hai, we mtu! Salamu utazikuta huko chini. Nimeandika hivyo hivyo kwenye bahasha mbele na nyuma, na dereva nimemshika kola nikamwambia akipotosha barua hii nitamfundisha udereva upya, mbele ya watu.

Amepumzika maana yake alipumzika! Alilala! Alikuwa hajalala usingizi wa maana tangu kikohozi kimkamate, analala akiwa amekaa, anaamka akilia, na mchana ule akafumba macho akalala kama watu wanavyolala, mdomo wazi, anakoroma. Muuguzi akasema, "Afadhali, amepumzika." Nikaandika nilichosikia. Daktari alitupa mkono kwa furaha, mwanamume mzima, machozi yanamlenga. Mama alilia kwa furaha. Shemeji yako alikaa sakafuni kwa sababu miguu ilimwishia. "Wakimtoa" ni wodini, ndugu yangu! Wodini!

Nilipofika kwenye "poleni" nilidhani unatupa pole ya kuuguza. Nikaendelea kusoma. Nilipofika kwenye kapu nikakaa sakafuni na mimi. Nilianza kukutukana, nikauliza ni nani aliyekufundisha kusoma, ndipo nikakumbuka ni mimi. Halafu nikayarudia kichwani yale niliyokuandikia, neno baada ya neno, na nikaona hakuna hata moja ambalo mtu mwenye akili zake angelisoma vingine. Nisamehe. Nimekuua nawe uko mbali.

Sasa ukweli, wote, hata ule niliouficha chini ya hakimu. Alizidiwa. Mama ndiye aliyemletea, alikohoa siku moja nikadhani ni vumbi, na Mama mpaka leo hajajisamehe, kwa hiyo ukimwandikia usimguse hapo. Mbavu mbili zilipasuka kwa kukohoa tu, tukazisikia. Akaanza kupumua juu juu kama kifaranga, midomo ikabadilika rangi. Tukaenda hospitali, wakamvika barakoa ya oksijeni, mapafu yalikuwa yameanza kujaa. Kila aliyeingia mle alitaka kumpigapiga mgongoni, si ndivyo tunavyofanya mtoto akikohoa? Nikawa nazuia mikono ya watu. Mama aliikalia ya kwake, kwa kweli, aliketi juu ya viganja vyake, kwa sababu vilikuwa vinakwenda vyenyewe.

Daktari akamfundisha kukohoa amekumbatia mto, aubane kifuani kwa nguvu zake mwenyewe, kidogo kidogo, apate kutoa kilichomo bila kujivunja. Wewe mto umekuzuia, yeye mto umemwokoa. Dawa ya virusi haikuwepo, mwili wake wenyewe ndio uliopigana, na ile mifupa tunayoidharau ilihimili. Amerudi nyumbani. Anakula. Amekonda mpaka masikio yanaonekana makubwa, na ana kelele.

Yai alinisikia nikiisoma barua yako. Nilijaribu kuificha, lakini aliniona ninavyolia na kucheka, akaninyang'anya. Amesoma msiba wake wote tangu mwanzo mpaka mwisho. Anasema nikuandikie kama ifuatavyo. Kwanza, huyo mtoto mtulivu, mpole, asiyemsumbua mtu, ni nani? Kama kuna mpwa mwingine aambiwe. Pili, ndiyo, alikuulizia, alitaka kujua kama mbwa bado anakuja kwenye filimbi. Tatu, kibao amekipenda. Mama alipokiona alipiga ukelele akakificha chini ya magunia. Yai amekitafuta mpaka amekipata, na shemeji yako amekipigilia ukutani juu ya kitanda chake, HAPA AMELALA YAI, kwa sababu, anasema, si uongo, hapo ndipo anapolala. Wageni wakiingia wanashtuka. Yeye anachungulia chini ya shuka anawangoja.

Na hili la fundi saa, nimelala nalo siku mbili nikingoja lori ndiyo nalijibu. Mdogo wangu, mifupa ya Baba ilikuja kwangu. Nimekuwa sitaki kuisema. Weupe wa macho yangu una ubuluu kama wa Baba, wewe wako ni mweupe kama maziwa. Mkono niliouvunja kwa kufungua dirisha, kifundo nilichovunja kwenye ngazi moja, uliviona ukavicheka. Wewe ulianguka kutoka juu ya paa ukaumia makalio. Nilimuuliza daktari, akasema asiye na ugonjwa huu kwa kawaida hana wa kurithisha, na akija kukupima atakuhakikishia. Yai kapewa na mimi. Mimi ndiye niliyempa. Na ukiniuliza kama ningejua ningemzaa, tafadhali usiniulize, nenda ukamtazame.

Mwandikie yule mwanamke. Leo.

Sasa salamu. Wote tunakusalimu, hasa marehemu.

Dada yako


4 Mei 1987

Dada yangu, na shemeji, na Mama, na wewe Yai unayesoma kwa kuchungulia begani, maana najua uko hapo,

Salamu zangu hazina mfuniko leo, zinamwagika. Mimi mzima. Nimekula, nimelala, nimekula tena. Mpishi amesema "supu" mbele ya kambi nzima, kwa hiari yake, mara ya kwanza tangu siku ile, na nikakaa chini nikacheka mpaka msimamizi akauliza kama niitiwe mtu.

Yai, majibu yako. Hakuna mpwa mwingine, mmoja amenitosha kabisa. Lile la mtoto mtulivu niliandika kwa sababu ndivyo watu wanavyoandika, nilipagawa, usinishitaki kwa hakimu wa mama yako. Mbwa bado anakuja kwenye filimbi. Ile Y iliyopinda nitakuja kuinyoosha.

Shemeji, asante kwa msumari.

Mama, mikono yako naibusu yote miwili. Nakula vizuri na kofia ninavaa.

Dada, nimemwandikia. Nilimwambia ukweli wote, hata ule wa kapu. Amejibu kwa mstari mmoja, mnafanana kumbe, akasema barua yangu ya kwanza aliipata, akaiweka kwenye droo ya saa zinazosubiri kutengenezwa, kwa sababu hakuona kama imekufa. Nitakwenda kwa daktari kupimwa kama ulivyosema. Lakini kuna kitu nataka ukijue kabla ya majibu ya daktari. Siku zile zote nilizodhani ameondoka nililaumu kila kitu. Nililaumu mto, mafua, Baba, Mungu. Nililaani mvua. Ila hata mara moja, hata nilipokuwa nimekaa ndani ya lile kapu, sikuwaza kwamba ingekuwa afadhali asingezaliwa. Nimetafuta wazo hilo ndani yangu baadaye, nikijua kwamba ndilo nililoliogopa miaka yote, na sikulikuta. Basi nitaoa, na atakayekuja na aje na mifupa yake.

Maji yameshuka, mashua zimeanza. Nakuja na lori lijalo, huenda nikafika kabla ya barua hii.

Habari ya lile kapu lililoleta bahasha yako nitakusimulia, halafu nifunge. Tulikuwa kazini. Tukasikia honi ng'ambo, si ile ya kawaida, ni honi isiyokoma, mfululizo, kama imekwama. Nikatazama. Dereva ameshuka, ameacha mlango wazi, anaruka ukingoni kama mwendawazimu, anapunga kitu cheupe na kupiga kelele, lakini mto unanguruma na hatusikii neno. Akavua shati akalipunga nalo. Akacheza! Dada, nilishikwa na hasira ambazo sijawahi kuzijua. Nina msiba, na mtu mzima ananichezea ngoma ukingoni. Nikamtukana matusi yote niliyonayo, na bahati nzuri naye hakunisikia.

Akaweka kile kitu cheupe ndani ya kapu peke yake. Hakuweka unga, wala sabuni, wala kitu kingine chochote, na lile kapu kubwa linabeba magunia. Msimamizi akazungusha mpini mwenyewe. Likaanza kuja. Lilifika katikati likayumba, likasimama, likaja tena, na mimi nikashuka kutoka juu ya vyuma nikaenda ukingoni kwa sababu nilitaka kuipokea habari mbaya ya pili nikiwa nimesimama ardhini.

Mwandiko wako ni mkubwa, Dada. Niliusoma kapu likiwa bado juu ya maji.

Watu waliniuliza barua inasemaje, nikawanyooshea tu. Waliisoma wenyewe, kila mmoja alipokezwa bahasha akaisoma kwa sauti, mbele na nyuma, hata mpishi, kwa filimbi zake zote. Ilirudi mkononi mwangu imejaa alama za grisi na masizi. Barua ya ndani niliifungua kesho yake. Bahasha ilinitosha.

Kaka yako